Sarufi ilivyogeuka mtaji: Funzo la Urusi kwa soko la Kiswahili mtandaoni

KUNA dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wafanyabiashara, na hata miongoni mwetu wanaisimu, kwamba kuipeleka bidhaa katika soko la lugha nyingine ni kazi ya mfasiri peke yake. Chukua tangazo la Kiingereza, mpe mfasiri, mlipe ujira wake, mambo yamekwisha. Dhana hiyo huenda ikafaa kwa bango la barabarani au tangazo la redioni. Kwenye matangazo yanayouzwa na mitambo ya utafutaji mtandaoni, mathalan Google, haifai hata chembe. Historia ya robo karne iliyopita inatuonyesha kampuni kubwa ikiingia ugenini na kupigwa kumbo na wenyeji walioijua sarufi ya lugha yao. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Urusi, nao unatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Hebu tuanze na namna biashara yenyewe inavyokwenda. Mtu akiandika "viatu vya watoto" kwenye mtambo wa utafutaji, juu ya majibu huona matangazo machache. Nafasi hizo hupigwa mnada. Mwenye duka hutaja neno au fungu la maneno analolitaka, akataja na kiasi cha fedha alicho tayari kulipa kila mtu anapolibofya tangazo lake. Mitambo hutazama mambo mengine pia, lakini mnada ndio uti wa mgongo. Kwa hivyo bidhaa ya kwanza inayouzwa pale si kiatu. Ni neno "viatu".

Wazo hili halikuanzia Google. Mnamo 1998 mjasiriamali Bill Gross wa California alianzisha mtambo ulioitwa GoTo.com, ambamo wenye biashara walishindana kwa bei ili watokee juu ya orodha ya majibu. Kampuni hiyo ilibadilisha jina mwaka 2001 ikawa Overture, na mwaka 2003 Yahoo ikainunua kwa takriban dola bilioni 1.6. Google nayo ilizindua huduma yake ya AdWords Oktoba 2000 ikiwa na watangazaji 350 hivi. Februari 2002 ikaanza kuuza maneno kwa mnada, mteja akilipia kila bofyo. Utajiri wa Google tunaousikia leo ulijengwa juu ya mauzo hayo ya maneno.

Sasa, mtu anayeuza maneno ya Kiingereza akitaka kupanua soko, atafanya nini? Mei 2000, Google ilitoa matoleo ya lugha kumi za kwanza za kigeni, zote za Ulaya: Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kiswidi, Kifini, Kihispania, Kireno, Kiholanzi, Kinorwe na Kideni. Septemba mwaka huo huo zikafuata Kichina, Kijapani na Kikorea. Kuyatafsiri maandishi ya vitufe ni kazi nyepesi. Ugumu huanza pale mteja wa lugha hiyo anapoketi na kuandika anachokitaka kwa maneno yake mwenyewe.

Kiingereza ni lugha yenye minyambuliko michache. Nomino nyingi zina maumbo mawili tu, umoja na wingi, na tofauti huwa mwishoni mwa neno. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni fupi ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili kompyuta itambue kuwa maumbo kadhaa ni ya neno moja. Kanuni hiyo ilienea kote duniani. Kwa Kiingereza ilitosha. Watu wakazoea kudhani kuwa lugha zote ni ndugu wa Kiingereza, kwamba ukikata mkia umepata neno.

Twende Urusi. Nomino ya Kirusi hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, na kazi hizo ni sita, kwa umoja na kwa wingi. Kitabu ni "kniga". Lakini Mrusi akitaka kununua kitabu haandiki "kniga", huandika "kupit knigu", kwa kuwa kitabu hapo ni yambwa. Akizungumzia kurasa za kitabu atasema "knigi". Akisema "kwa vitabu" atatumia "knigami". Tazama basi balaa linalomkuta muuza vitabu anayetoka ugenini. Amefungua kamusi, akalipata neno "kniga", akalinunua mnadani kwa fedha zake. Mtambo unalinganisha herufi kwa herufi. Mnunuzi, yule hasa aliye na hela mkononi, anaandika "knigu". Muuzaji na mnunuzi wanapishana mlangoni bila kujuana hali, ilhali tafsiri ilikuwa sahihi kabisa.

Waliolitatua tatizo hili walilianza kabla ya biashara ya intaneti kufika kwao. Arkady Volozh na Ilya Segalovich walisoma shule moja huko Almaty, Kazakhstan, enzi za Usovieti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wakitengeneza programu za kutafuta katika orodha rasmi za hataza na bidhaa, na waling'amua mapema kwamba programu isiyojua sarufi ya Kirusi haitampata mtu anachotaka. Mwaka 1993 wakabuni jina Yandex. Wakishirikiana na maabara ya mwanaisimu Yuri Apresyan, walitengeneza kamusi ya maumbo ya maneno iliyoshindiliwa hadi ikachukua kilobaiti 300 hivi tu, ili iweze kukaa yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta za wakati ule.

Maarifa ya kamusi ya namna hiyo yalitoka wapi? Hapa ndipo penye kisa kinachonigusa mimi kama mwanasarufi. Mwaka 1977 mwanaisimu Andrey Zaliznyak alichapisha mjini Moscow kamusi ya kisarufi ya Kirusi. Haikueleza maana za maneno. Iliorodhesha takriban maneno 100,000, na kando ya kila neno ikaweka alama inayoonyesha jinsi neno hilo linavyobadilika katika kila umbo lake. Tena maneno hayakupangwa kwa herufi ya kwanza, yalipangwa kwa herufi ya mwisho, kwa kuwa katika Kirusi mabadiliko mengi yako mkiani. Mwaka 1977 nani angeona faida ya kitabu kama hicho? Hakikuwa na hadithi wala kichekesho. Kilikuwa orodha ndefu ya mikia ya maneno.

Kamusi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa uchanganuzi wa Kirusi katika kompyuta. Mwaka 2003 Segalovich alichapisha makala akieleza jinsi mtambo wa Yandex unavyoitumia, na hata jinsi unavyokisia maumbo ya neno jipya lisilokuwamo kamusini kwa kulinganisha mwisho wake na mwisho wa maneno yanayojulikana. Mpangilio ule wa kuanzia mkiani, uliofanana na ukaidi wa msomi, ukawa ufunguo.

Mambo yakaenda kwa kasi. Mwaka 1996 walitoa programu iliyokaa mbele ya AltaVista, mtambo mashuhuri wa Marekani wakati huo, ikiusaidia kuyaelewa maumbo ya Kirusi. Tarehe 23 Septemba 1997 wakazindua mtambo wao wenyewe katika maonyesho ya programu mjini Moscow. Mwaka 2001 wakaanzisha Yandex.Direct, huduma yao ya kuuza matangazo kwa maneno. Mtangazaji aliponunua "kniga", mtambo ulimpa na "knigu" na "knigami" pia. Kama alitaka umbo moja tu, aliweka alama ya mshangao mbele ya neno. Aidha, waliweka chombo cha kumwonyesha mtangazaji ni mara ngapi watu wamelitafuta neno fulani, maumbo yake yote yakihesabiwa pamoja. Kwa maneno mengine, Yandex iliwauzia wafanyabiashara sarufi bila wao kujua kuwa wananunua sarufi.

Tena waliwajua wateja wao kwa tabia. Mrusi hutumia kibodi yenye herufi za aina mbili, za Kirusi na za Kilatini, na mara nyingi husahau kubadilisha. Anataka kuandika jina la Yandex kwa Kirusi, kumbe vidole vinatoa "zyltrc". Mgeni akiona hivyo atasema huu ni upuuzi. Mwenyeji anajua mtu huyu alikusudia nini.

Google, kwa miaka yake ya mwanzo, iliyashughulikia maneno ya Kirusi kama mfuatano wa herufi tu. Ilirekebisha baadaye, tena kwa bidii, lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kushika soko. Mwaka 2008 ilijaribu njia ya mkato kwa kutaka kuinunua Begun, kampuni ya Kirusi ya matangazo ya aina hiyo, na mamlaka ya ushindani ya Urusi ikakataa. Yandex ilipouza hisa zake New York Mei 2011, ilikusanya dola bilioni 1.3, na wakati huo zaidi ya asilimia 60 ya utafutaji nchini Urusi ulipitia kwake.

Sisemi kwamba sarufi ilifanya yote. Siasa za nchi, sheria na mtaji vina nguvu zao, na miaka ya karibuni siasa na vita vimeigawanya kampuni hiyo vipande. Lakini siasa haielezi kwa nini mtumiaji wa kawaida wa mwaka 2002, asiye na habari na wanasiasa, alichagua mtambo huu akaacha ule. Alichagua uliomwelewa.

China inatupa mfano wa pili. Kichina huandikwa bila nafasi kati ya maneno, kwa hivyo kazi ya kwanza ya mtambo ni kuamua neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Kampuni ya Baidu, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Robin Li na Eric Xu, iliufanya ugumu huo kuwa tangazo. Mnamo 2005 ilitoa filamu fupi ya kuchekesha ambamo msomi wa kale wa Kichina anamchachafya mgeni wa Kimagharibi kwa sentensi moja tu inayorudiarudia maneno ya kujua na kutojua. Kila anapoikata mahali tofauti, maana inageuka, na mgeni anabaki kuduwaa. Ujumbe ulikuwa kwamba Baidu inakijua Kichina zaidi. Agosti mwaka huo hisa zake zilianza kuuzwa New York kwa dola 27, na jioni ya siku ya kwanza zilikuwa zimepita dola 122. Google ilifungua tovuti yake ya China Januari 2006, ikajipa na jina la Kichina, Guge, ambalo baadhi ya watumiaji walilikejeli. Machi 2010, baada ya mvutano na serikali kuhusu udhibiti wa habari, iliondoa huduma hiyo na kuwaelekeza watumiaji Hong Kong. Serikali ilikuwa na mkono wake, hilo halifichiki. Hata hivyo, Baidu ilikuwa imekwisha kuteka nyoyo kwa kudai umilki wa lugha.

Korea Kusini inaongeza jambo la tatu. Naver ilipoanza mwaka 1999, kurasa za Kikorea mtandaoni zilikuwa chache. Mtambo utatafuta nini mahali pasipo na maandishi? Mwaka 2002 Naver ikafungua baraza la maswali na majibu: raia mmoja anauliza, mwingine anajibu, na yote yanabaki pale yakitafutika. Waliyaandika wenyewe maandishi ambayo yangekuja kutafutwa, na matangazo yakafuata wasomaji.

Tuje nyumbani. Google ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2007. Mwaka 2009 Kiswahili kiliingizwa katika huduma yake ya tafsiri, na mwishoni mwa mwaka huo ikaanzisha shindano la wanafunzi wa vyuo kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili. Desemba 2019 ilitangaza kuwa teknolojia yake mpya ya kuelewa maswali ya watafutaji inafanya kazi katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo. Kwa hivyo hatuwezi kulalama kwamba tumesahauliwa. La kujiuliza ni je, sisi tumeweka nini mezani?

Kiswahili ni kigumu kwa mtambo kwa namna yake. Kirusi hupinda mkia. Sisi hupinda kichwa na mkia pamoja. Kiatu kinakuwa viatu, jino linakuwa meno, ukuta unakuwa kuta, shamba linakuwa mashamba na shambani. Kitenzi "nunua" kinatupa ninanunua, alinunua, tutanunua, kununuliwa, atakayeninunulia. Ukichukua kanuni ya Porter ya kukata mkia ukaitia kwenye neno "atakayeninunulia", utabaki na kichwa kisicho na mwili.

Halafu kuna utata ambao sarufi yetu yenyewe inautegua, kwa anayeijua. Mfanyabiashara akinunua neno "mbuzi" atawapata wanaotaka kitoweo cha Idi na wanaotaka chombo cha kukunia nazi. Lakini Mswahili husema "mbuzi wa" kwa mnyama na "mbuzi ya" kwa chombo. "Kanga za bei nafuu" ni leso za kujifunga. "Kanga wa kufuga" ni ndege. Silabi moja ya upatanisho inamtofautisha mteja huyu na yule, na kila bofyo la mteja asiyehusika ni pesa iliyotupwa. Hakuna mfasiri atakayelionyesha hilo kwa kutafsiri neno moja moja kutoka orodha ya Kiingereza.

Tena kuna msamiati wa mahali. Muuza vifaa vya pikipiki akiandika "vipuri" atakuwa sahihi kwa kamusi. Wateja wake wengine wataandika "spea", na kijana wa Nairobi ataandika "spea za nduthi". Mwenye nyumba za kupangisha asishangae kuona kwamba wanaomtafuta wanaandika "keja". Mimi ni mlinzi wa Kiswahili sanifu, na wasomaji wa safu hii wanalijua hilo, ila mnadani neno hupimwa kwa wanaolitumia. Mtangazaji anayetaka soko la Kiswahili analazimika kuwasikiliza wasemaji kabla ya kuwauzia.

Kazi ya kuorodhesha maumbo haya ilishaanza, lakini hebu tazama ilikoanzia. Mwaka 1983 mwanaisimu Kimmo Koskenniemi wa Finland alibuni namna ya kuichanganua lugha yake yenye minyambuliko mingi. Mwenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Arvi Hurskainen, aliichukua mbinu hiyo akaitumia kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya programu yake, SWATWOL, inayovunja neno la Kiswahili na kutaja ngeli, njeo na viambishi vyake. Tunamshukuru kwa dhati. Lakini Zaliznyak wa Warusi alikuwa Mrusi aliyefanya kazi Moscow. Wetu alitoka Helsinki, penye theluji.

Tusijidanganye kwamba hasara yake ni ya fahari tu. Mfanyabiashara wa Mombasa au Mwanza akikosa takwimu za kuaminika za maneno ya Kiswahili, atanunua maneno ya Kiingereza, hata kama wateja wake huongea Kiswahili kutwa. Fedha za matangazo zikienda kwenye kurasa za Kiingereza, mwandishi wa Kiswahili mtandaoni hapati kitu, naye ataacha au atahamia Kiingereza. Maandishi yakipungua, mitambo ya leo inayojifunza lugha kwa kusoma maandishi mengi itakielewa Kiswahili nusunusu, na mfanyabiashara atapata sababu nyingine ya kukikwepa. Ni duara, na linazunguka upande usiotufaa. Wakorea walilizungusha upande wa pili.

Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha siku ya Kiswahili duniani kwa hotuba, ngoma na mashairi. Ni vyema. Lakini idara zetu za Kiswahili zina tasnifu tele za mofolojia zinazoliwa na mende makabatini. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tangu toleo la 1981, inatupa nomino pamoja na ngeli zake; mbegu tunayo. Kinachotakiwa ni jedwali moja la wazi, lisilofungiwa na kampuni yoyote, linaloonyesha kila neno, maumbo yake yote, visawe vyake vya Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Lubumbashi, na upatanisho unaotenga maana zake. CHAKITA, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinaweza kugawana herufi, na kila chuo kikapewa fungu lake. Mwanafunzi wa uzamili akishughulikia vitenzi mia tano tu kikamilifu, atakuwa amefanya kazi ya maana.

Kazi hiyo itachosha, tena haitapigiwa makofi. Ya Zaliznyak nayo ilikaa miaka 20 kabla ya kupata mtambo wa kuitumia. Sisi hatuna haja ya kungoja kiasi hicho, maana mitambo imeshafika na mnada wa maneno unaendelea usiku na mchana, huku mengi ya maneno yetu yakiwa hayajulikani bei.